Ukikwepa kugeuza gari, mtoto ndiye anayevuka barabara

Kila asubuhi ya siku ya shule, kwenye barabara kubwa kati ya Tengeru na Sakina, wazazi wenye magari wanafanya uamuzi ambao wengi wao hawauiti uamuzi. Shule iko upande wa kulia. Gari liko upande wa kushoto, linaelekea mjini. Katikati kuna kisiwa cha zege. Mzazi anaweza kuendelea mbele hadi kwenye uwazi wa kugeuzia, akageuza, akarudi na kumshusha mtoto getini. Au anaweza kusimama hapo hapo pembeni, akafungua mlango, akasema "Vuka vizuri, mwanangu," kisha akaendelea na safari yake.

Ukiwauliza wanaochagua la pili, hawatakuambia kwamba wanamwachia mtoto barabara. Watakuambia hawapendi kugeuza gari pale. Magari yanakuja kwa kasi, vifodi vinachomekea, bodaboda hawaeleweki, na mtu akisimama kwenye uwazi akisubiri nafasi anapigiwa honi kana kwamba ameiba. Ni sababu za kweli. Tatizo ni kwamba hatari anayoikwepa mama mwenye leseni na miaka kumi ya usukani haijaondoka barabarani. Imehamia kwa mtoto wa darasa la tatu mwenye begi zito mgongoni.

Watu wazima wanakumbuka barabara hii ilipokuwa ya njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mwaka 2016 liliwekwa jiwe la msingi la mradi mkubwa wa barabara ya kutoka Arusha hadi Holili na kuendelea Taveta na Voi nchini Kenya. Ndani ya mradi huo, kipande cha Sakina hadi Tengeru, kama kilomita 14, kilipanuliwa kuwa njia nne zilizotenganishwa katikati. Ikajengwa pia barabara ya mchepuko ya zaidi ya kilomita 42 ili malori yasilazimike kukatiza mjini, na marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakaizindua mwaka 2022.

Faida zake zinaonekana. Magari yanayoenda na yanayorudi yakitenganishwa, ajali za uso kwa uso, zile zinazoua watu wengi kwa mkupuo, zinapungua. Lakini kisiwa cha katikati kilibadilisha kitu kingine ambacho hakikutangazwa kwenye hotuba yoyote: kiliwagawa watu wa mtaa mmoja. Duka la ng'ambo, ambalo zamani ulilifikia kwa kukata kulia tu, sasa linahitaji safari ya kwenda mbele na kurudi. Na kila familia iliyo na shule ng'ambo ikajikuta inafanya hesabu za dakika.

Familia moja ya upande wa Tengeru ilizifanya hesabu hizo kwa miaka miwili. Mama ana duka la vitambaa mjini, baba anafanya kazi Usa River na anaondoka na usafiri wa kazini alfajiri. Binti yao ana miaka minane. Mama alipima kwa simu: kwenda mpaka uwazi wa mbele, kugeuza, kurudi getini, kisha kutafuta tena mahali pa kugeuza ili aelekee mjini, ni dakika sita siku ya kawaida. Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, barabara inajaa mapema, na Jumatano ni siku ya shule. Hapo zilikuwa zinafika kumi. Akaona bora amshushe binti upande wa huku, karibu na uwazi, kwa sababu pale hakuna kisiwa cha kuruka na watoto wengine wanavukia hapo.

Baba hakuona shida. Hoja yake ni ile ambayo wazazi wengi wa umri wake wanayo: "Mbona sisi tulivuka barabara hii hii tukiwa wadogo kuliko yeye?" Ni kweli walivuka. Walivuka barabara ya njia mbili, katika Arusha yenye magari machache na isiyokuwa na bodaboda hata moja.

Siku moja mlinzi wa shule alimfuata mama kwenye kikao cha wazazi. Akamsalimia, akamwuliza kama binti alishapata chupa nyingine ya uji. Mama hakuelewa. Mlinzi akamweleza kwamba wiki tatu nyuma kifodi kiligeuza bila indiketa pale kwenye uwazi, mtoto akiwa amesimama kwenye ncha ya kisiwa. Upande wa nyuma wa gari ulipita karibu kiasi cha kugonga begi. Mtoto alianguka kwa magoti, chupa ikaenda chini ya tairi. Konda aliteremka akamwinua, akamfuta vumbi, gari likaondoka.

Nyumbani binti alikuwa amesema chupa imepotea shuleni. Alipoulizwa tena, alijibu kwa sauti ndogo: "Niliogopa, mama. Ungechelewa kufungua duka."

Jibu hilo ndilo lililomkosesha mama usingizi, kuliko habari ya kifodi chenyewe. Mtoto alikuwa amesikia kila asubuhi, kwa miaka miwili, "haraka, haraka, nachelewa". Akachukua jukumu la kulinda muda wa mama yake.

Sasa turudi kwenye uwazi wenyewe, kwa sababu wazazi wengi hawajawahi kukaa chini wakafikiri kinachotokea pale.

Mtoto aliyeshushwa upande wa kushoto wa barabara anavuka kwanza njia mbili za magari yanayoelekea mjini. Magari hayo yanatoka kulia kwake. Akifika katikati, anageuza shingo kutazama kushoto, kwa sababu magari ya upande wa pili yanatokea huko. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na ni sahihi. Lakini gari linalogeuza kwenye uwazi linatoka nyuma yake, upande wa kulia, kule ambako ameshaacha kutazama. Na dereva wa gari hilo naye anatazama kushoto, akitafuta nafasi ya kuingia. Wote wawili wanatazama upande mmoja. Hakuna anayemtazama mwenzake.

Ongeza urefu. Mtoto wa miaka minane haonekani vizuri nyuma ya gari jingine linalosubiri kugeuza, na yeye mwenyewe haoni juu yake. Uwezo wa kukadiria kasi ya gari linalokuja unaendelea kukomaa taratibu utotoni. Mtoto mdogo huweza kuona kwamba gari liko mbali, asijue linakuja upesi kiasi gani. Mtoto mtiifu na mwenye akili darasani hana ubongo wa barabarani ulio tofauti na wa wenzake.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo pia linaeleza kwamba mtu anayetembea kwa miguu akigongwa na gari lenye kasi ya kilomita 65 kwa saa, uwezekano wa kufa ni mara 4.5 ya ule wa gari lenye kilomita 50. Kwenye makazi ya watu sheria yetu inataka kasi isizidi 50. Anayepita Ngulelo asubuhi anajua wangapi wanaitii pale ambapo hakuna trafiki.

Kwa dereva, Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, haimpi ruhusa ya kugeuza popote panapomfaa. Msingi wake ni huu: anayebadilisha mwelekeo ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha hamhatarishi mtu mwingine, na anapaswa kuonyesha nia yake mapema. Anayeendelea na safari yake moja kwa moja hadaiwi kumpisha. Ukiona alama ya mshale uliopinda, umekatwa kwa mstari mwekundu, usigeuze hata barabara ikiwa tupu. Kwenye kona, kwenye kilele cha mlima, darajani, kwenye zebra, au popote ambapo huoni mbali na wewe huonekani, usigeuze hata kama hakuna alama. Akikukamata trafiki, faini ya kosa ni shilingi 30,000. Ni fedha, lakini si ndiyo sababu ya kufuata sheria hii.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo. Gari dogo lililosimama kwenye uwazi linahitaji kama sekunde sita au saba kugeuka, kunyooka na kuanza kushika mwendo. Gari linalokuja kwa kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo ndani ya sekunde saba linakuwa limekaribia mita 100. Likija kwa 80, linakula mita 22 kwa sekunde, na zile sekunde saba ni zaidi ya mita 150. Uwanja wa mpira una urefu wa mita kama 105. Kwa maneno mengine, unahitaji uwanja mzima na nusu ukiwa mtupu mbele yako, na hapo hujahesabu bodaboda aliyejificha nyuma ya lori.

Kuna jambo jingine ambalo kila mzazi anayembeba mtoto kiti cha mbele angefaa kulijua. Sisi tunaendesha kushoto na usukani wetu uko kulia. Gari linapogeuza, likifika katikati ya mzunguko linakuwa limekaa kikingama, na upande wake wa kushoto ndio unaotazamana na magari yanayokuja. Dereva akikosea hesabu, mlango unaogongwa si wake, ni wa abiria wa kushoto. Mara nyingi abiria huyo ni mtoto.

Upande huo wa kushoto wa mwili ndiko iliko bandama, chini ya mbavu. Bandama ikipasuka, damu huvuja ndani bila jeraha lolote kuonekana nje. Mtoto aliyegongwa ubavuni, hata kama ametoka garini akitembea, akilalamika tumbo au bega la kushoto, akipauka, akitoka jasho la baridi au kulegea, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, asipewe dawa ya maumivu na kulazwa nyumbani. Aliyeumia kichwa akitapika, akisinzia kupita kawaida au akipata degedege, vivyo hivyo. Na kama mtoto ameanguka barabarani na analalamika shingo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Huruma ya wapita njia imeshaongeza majeraha kwa watu wengi.

Kwa hiyo mtoto akae nyuma, afungwe mkanda, na kufuli ya watoto iwe imefungwa. Akishuka, ashukie mlango wa kushoto, upande wa pembeni ya barabara. Anayelazimika kumvusha ashuke naye amshike mkono, na avukie kwenye zebra hata kama iko mbali kidogo. Kivuli cha gari la mzazi lililosimama pembeni nacho ni hatari: mtoto anayetokeza mbele ya boneti anaonekana na dereva wa nyuma wakati muda wa breki umeshakwisha.

Wasio na gari hawajasalimika na suala hili. Bodaboda anayebeba watoto wa shule, mara nyingi mishikaki ya watatu kwenye kiti kimoja, naye anatakiwa kufika ng'ambo. Uwazi halali uko mbele na mafuta yamepanda, kwa hiyo anakatiza: anapita pembezoni kinyume na magari mpaka getini. Mtoto anayevuka kwa miguu, aliyefundishwa kutazama kulia kisha kushoto, anakutana na pikipiki inayotokea upande ambao haikupaswa kuwapo kabisa. Tangu mwaka 2021 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Unafuu huo una mantiki yake, kwa kijana anayepeleka hesabu kwa mwenye chombo kila jioni. Lakini mzazi anayemlipa kwa mwezi ana nguvu kuliko trafiki. Anaweza kumwambia: "Kijana wangu, ukipita kinyume na mwanangu mgongoni, kazi imekwisha." Wanaosema hivyo mapema, kabla ya kupatana bei, huwa wanasikilizwa.

Dereva wa basi dogo la shule anahitaji swali moja tu: unageuzia wapi? Akijibu "popote pakiwa na nafasi", mzazi ameshapata jibu.

Ukiacha barabara kubwa na kupanda kuelekea mlimani, Ilboru, Sekei au zile njia za juu ya Tengeru na Usa River, habari inabadilika. Huko hakuna kisiwa wala uwazi. Kuna barabara nyembamba, migomba pande zote, mfereji pembeni, na wakati wa masika tope linaloteleza na ukungu wa asubuhi. Gari haliwezi kugeuka kwa mkupuo mmoja, dereva anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakwenda mbele tena. Kwenye kule kurudi nyuma ndiko watoto wadogo wanakogongwa majumbani na vichochoroni, na mara nyingi na mtu anayewapenda. Afadhali kutafuta geti la jirani au uwanja wa kanisa, mtu mmoja akashuka kuongoza, kuliko kujaribu kwenye kona kwa sababu umepita nyumba kwa mita 20. Huku milimani watu wanasalimiana. Kuomba kugeuzia uani kwa mtu si aibu.

Wapo wanaolaumu waliojenga barabara kubwa kwa kuuweka uwazi mbali na shule. Lawama hiyo inagusa nusu ya ukweli. Kumpitisha dereva mbele kisha kumrudisha ni ufundi unaotumika kwingine pia. Jimbo la Michigan nchini Marekani limewazuia madereva kukata moja kwa moja kwenye makutano mengi tangu miaka ya 1960. Wanapita, wanageuzia kwenye uwazi ulio mbele, wanarudi. Lengo ni kupunguza sehemu ambazo magari yanakatana. Uwazi ukiwa mbele ya kila geti, barabara ya njia nne inarudi kuwa ile ya zamani, tena yenye kasi zaidi. Nusu ya pili ya ukweli ni kwamba mtembea kwa miguu hawezi kutakiwa azunguke kama gari. Yeye anahitaji zebra inayoonekana, matuta ya kupunguza kasi kabla yake, na mtu wa kusimamisha magari asubuhi na jioni.

Mama yule wa vitambaa sasa anatoka nyumbani saa 12:15 asubuhi badala ya saa 12:30. Aligundua kwamba shida yake haikuwa kugeuza gari, ilikuwa kugeuza akiwa amechelewa. Akiwa na muda, anaingia njia ya kulia mapema, anawasha indiketa, anasimama ndani ya uwazi gari likiwa limeingia lote bila mkia kubaki nje, anasubiri. Honi za nyuma anaziacha zipige. Binti amekaa nyuma na amepewa kazi: kutaja kwa sauti pikipiki anazoziona. Mumewe aliona ni mchezo, hadi Jumamosi moja alipoendesha yeye na binti akamwambia, "Baba, subiri, kuna boda nyuma ya Noah ile."

Jioni hawana shida, kwa sababu wanarudi upande ule ule wa shule. Shida hiyo ya jioni wanayo wazazi wanaotoka mjini upande wa Kimandolu na Sakina, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kusaini barua ya kamati ya shule kwenda TANROADS, wanaosimamia barabara kuu, kuomba zebra na matuta kabla ya geti. Kikosi cha usalama barabarani kimeombwa mafunzo kwa wazazi wawili watakaojitolea kusimamisha magari saa ya kuingia na ya kutoka. Nakala ya barua iko ofisini kwa mwalimu mkuu, na ambaye hajasaini anaweza kupita siku yoyote kabla ya saa nane mchana. Aingilie geti la nyuma, la mbele linafungwa magari yakianza kuchukua watoto.